Chai ya Mama kwa Saba Tatu

Nikiwaambia watu kwamba ujanani nilicheza kamari, swali lao la kwanza huwa ni moja: uliwahi kushinda? Huwa naudhika. Ndiyo, nilishinda. Nilishinda kwa miezi kama mitano hivi, na ushindi huo ndio ulionimaliza. Lakini nikianza na kushinda nitakuwa nimelipamba jambo lisilostahili pambo, kwa hiyo naanza na chai ya mama.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nyumbani kwetu ni Manga, upande wa Nyamira, chini ya ule ukingo wa mlima. Chai yetu haikuwa nyingi. Mistari yake ilishuka kutoka nyuma ya nyumba hadi kijitoni, na mtu angeweza kuizunguka yote kabla kikombe cha uji hakijapoa. Baba aliipanda, akafa, mama akabaki nayo. Aliichuma siku sita za juma. Siku ya saba, Jumamosi, hakuigusa hata majani yakiwa yanakomaa kupita kiasi, kwa sababu alikuwa Msabato, tena si Msabato wa mchezo. Alivaa aproni aliyoishona kwa gunia la nailoni, akabeba kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na kichipukizi, mikono yote miwili kwa pamoja, huku macho yakiwa mahali pengine kabisa, akiongea nami au akiimba wimbo wa kanisani kwa Ekegusii, lugha yetu. Karani wa kituo cha kununulia majani hakuwahi kumrudishia hata konzi moja kwamba ni magumu. Hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumsikia akijisifia.

Kila mkulima alikuwa na namba yake. Majani yaliyopimwa kituoni yaliandikwa kwenye namba hiyo, na malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka vilifuata namba. Baba alipofariki, namba ilibidi ihamishwe. Mama hakujua kusoma. Tulienda ofisini pamoja, na karani alipouliza iandikwe kwa jina la nani, mama alininyooshea mkono. "Ya huyu," akasema. "Ndiye mkubwa, na ndiye anayejua kusoma." Akabonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Njia nzima ya kurudi alikuwa akikipangusa kile kidole kwenye majani ya kando ya njia, wino ukakataa kutoka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikajiona mtu mzima.

Kazi yangu ilikuwa mjini Kisii, katika duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo mjini, akiongea Ekegusii vizuri kuliko Kiswahili. Wateja kutoka vijijini walikuja kununua misumari ya robo kilo, kumbe wamekuja kumsikiliza akiwatania kwa lugha yao. Mimi nilimwita Mzee. Alikuwa na mtoto wa kiume, mkubwa kuliko mimi kidogo, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo bila hamu kubwa ya kuuza misumari. Mchana mvua ya Kisii ilipoanza kupiga mabati, na inapopiga hapiti mteja, huyo ndiye aliyenifundisha poka.

Tulichezea nati na bolti. Kila mmoja alichota konzi ya nati kwenye sanduku, tukaketi nyuma ya kaunta. Mchezo wenyewe si mgumu. Mnapewa karata tano kila mtu, unaruhusiwa kubadilisha usizozipenda, kisha mnaweka dau. Mtu anaweza kuwa na karata mbovu akaongeza dau kwa kishindo ili mwogope mziweke zenu chini. Ukiona anakudanganya, unaweka dau sawa na lake, unamwambia "Fungua," naye anafunua karata zake mezani. Mzee alitutazama kutoka kwenye kiti chake, na mvua ilipokatika alisema neno lile lile kila siku: "Nati zote zirudi sandukuni." Zilirudi. Kwa mwaka mzima hatukupoteza hata moja.

Niligundua mapema kwamba mwanawe alipokuwa akidanganya alikuwa akijishika sikio. Basi kila alipojishika sikio nilimwambia afungue, na nati zote zikahamia kwangu. Nikaanza kujiona nina kipaji. Mtu akishinda nati anapaswa kushukuru na kwenda zake, lakini mimi nilikuwa nikitembea barabarani nikitazama watu masikio.

Chumba cha kucheza kwa pesa kilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani, karibu na soko. Watu walikutana hapo Jumamosi mchana. Hapa lazima niseme jambo ambalo hadi leo likinijia najisikia joto usoni. Mzee alikuwa akifungua duka Jumamosi, lakini mimi alinipa ruhusa siku hiyo kwa sababu nilimwambia ni Sabato yangu. Badala yake nilifanya kazi Jumapili asubuhi. Siku hiyo aliyonipa kwa ajili ya Mungu nikaipeleka kwa fundi cherehani. Tena nilivaa suti yangu na kubeba Bibilia na kitabu cha nyimbo, kwa kuwa Kisii ni mji mdogo na watu wa kwetu walikuwa wengi barabarani. Walinisalimu kwa heshima. Wakirudi Manga walimwambia mama wameniona nikienda kanisani, nimependeza.

"Weka Bibilia hapo juu ya cherehani," fundi alikuwa akiniambia nikiingia. "Itatuchungia mlango."

Wa tatu wetu alikuwa dereva wa lori la majani ya chai, kijana wa maneno mengi. "Leo pastor anatunyoa tena," alisema, na kweli niliwanyoa. Fundi alikuwa akikohoa akiwa na karata nzuri. Dereva akizipata alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kama king'ora. Miezi mitano nilitoka hapo nikiwa na pesa nyingi kuliko mshahara wangu.

Sitasema uongo kwamba sikufurahi. Nilifurahi mno. Nilimnunulia mama mabuti ya mpira ya kuingilia shambani, kwa sababu alikuwa akichuma miguu mitupu kwenye umande. Nikamnunulia blanketi zito na taa ya kandili yenye kioo kizima. Jumapili jioni nilipomfikishia mabuti, aliyavaa papo hapo akazunguka ua mzima, kuku wakimkimbia, akicheka kwa aibu kama msichana. Sabato iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amembariki mwanawe kazini. Niliambiwa na jirani. Waumini wote waliitikia amina, na mimi wakati huo huo nilikuwa nyuma ya cherehani nikiomba nipate mfalme wa kopa.

Kisha akaja mwalimu.

Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Itumbe, ana chai yake kubwa karibu na kiwanda, mtu safi, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Dereva ndiye aliyemleta. Aliponiona alinishika mkono akauliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia. Akautikisa mkono wangu kwa muda mrefu. "Baba yako na mimi tulitahiriwa msimu mmoja," akasema. "Tulilala jando moja. Wewe ni mwanangu."

Asiye Mgusii huenda asione tatizo. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni, inayosimama kati ya mtu na kizazi cha wazazi wake. Humkazii macho usoni. Hutaji mambo ya aibu mbele yake. Na humwambii kamwe kwamba amesema uongo, hata kama unauona uongo wenyewe ukimtoka mdomoni. Rika la baba yako ni baba zako wote. Chinsoni ingemkataza yeye pia kuketi nami kwenye meza kama ile. Lakini karata zilikuwa zimemsahaulisha nusu ya desturi, na mimi zikaniacha na nusu iliyobaki.

Sikuweza kumtazama. Kipaji changu chote kilikuwa cha kutazama nyuso, na uso huo nilikuwa nimelelewa kutoutazama. Alipoongeza dau, neno "fungua" lilinijia hadi kwenye meno, nikalimeza. Nilijiambia hana kitu, nikajiambia tena, kisha nikaweka karata zangu chini na kusema, "Sawa, tata," yaani baba. Naye alizikusanya pesa taratibu, akizipanga vichwa upande mmoja. Fundi na dereva walimwambia afungue bila wasiwasi, maana mmoja hakuwa Mgusii, kwao ni mbali, na mwingine hakuwa na adabu, na mara nyingi walimkuta mtupu. Walipomfungua niliona kwa macho yangu kwamba alikuwa akidanganya. Juma lililofuata alinidanganya tena, nikaweka karata chini tena.

Mtu mwenye akili angetoka. Mimi nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, hilo lisingewezekana. Niliikasirikia bahati, utadhani ni mtu aliyenikosea. Nikamaliza nilichoshinda, nikamaliza mshahara, nikaenda kwa Mzee dukani kuomba nipewe wa mwezi ujao. Alinipa. Mwezi uliofuata nikaomba tena, akanipa. Mara ya tatu alivua miwani akaniuliza kwa Ekegusii, "Kuna nini nyumbani? Mama anaumwa?"

Alinipa uongo mwenyewe, mimi nikaupokea tu. "Ndiyo, Mzee," nikasema. "Ni kifua. Kinambana usiku."

Alitikisa kichwa kwa huzuni. Alinipa pesa, na jioni akanipa pia pakiti ya tende na kopo la glukosi nimpelekee mgonjwa. Nilivifikisha. Mama aliuliza vya nini, nikamwambia duka linawagawia wafanyakazi zawadi. Alizigawa tende kwa watoto wa majirani, moja moja, akawaambia wamwombee Mhindi wa watu.

Nilimlaza mama kitandani kwa maneno kwa muda wa miezi mitatu. Kila Mzee aliponiuliza anaendeleaje, nilimwambia leo nafuu, leo kidogo. Wakati huo yeye alikuwa shambani na mabuti yake, akichuma.

Siku moja katikati ya juma jembe lake lilivunjika. Wala hakuniarifu. Alikuja mjini mwenyewe, akaona kwa nini anunue kwingine ilhali mwanawe anauza majembe. Nilikuwa juu ya ngazi nikipanga mabomba nilipomsikia akisalimu mlangoni. Nusura nianguke. Alikuwa na kitambaa chake cheupe kichwani na yale mabuti, tope limekauka juu yake. Alichukua jembe moja, akalipima uzito mkononi, akalirudisha, akachukua jingine. Mzee aliuliza, "Na huyu mama ni wa wapi?" Mama akajibu kwa fahari kwamba yeye ni mama yake huyu aliye kwenye ngazi.

Mzee aliinuka kitini. Hakuwa mtu wa kuinuka. "Mama! Umepona?" akasema. "Kifua kimeacha?"

Mama alimtazama. Kisha alinitazama mimi, mara moja tu, na macho yake yakarudi kwa Mzee. Nilishuka ngazi nikiwa nimeshika bomba ambalo sikujua nalipeleka wapi. Huyu ni mwanamke aliyewahi kurudi kilomita nzima kituoni kumwambia karani kwamba amemwandikia kilo mbili zaidi. Niliomba ardhi inimeze.

"Nimepona, Mzee," akasema. "Mungu ni mwema. Na asante kwa tende."

Mzee alikataa kupokea pesa za jembe. Mama naye alikataa kulichukua bure. Walibishana kidogo kwa tabasamu, mwishowe mama akaziweka pesa kwenye kaunta, akazifunika kwa risiti, akatoka. Nilimsindikiza. Tulitembea hadi karibu na stendi. Nilitaka anitukane, anipige hata kofi mbele ya watu. Alibadilisha jembe bega.

"Ni ugonjwa gani ulimwambia?" akauliza.

"Kifua, mama."

"Kinafanya nini?"

"Kinakubana usiku."

"Sawa," akasema. "Nijue, nisije nikasema kingine."

Hakuuliza pesa zilienda wapi. Alisema jioni ana majani ya kufikisha kituoni, akaenda zake. Nilisimama hapo nikalia mchana kweupe, muuza ndizi akaniuliza kama nimeibiwa.

Sasa sikiliza upumbavu wa mcheza kamari. Machozi yale hayakunipeleka kwa mama kuungama, wala kwa Mzee. Yalinipeleka kwa fundi cherehani. Nilikata kauli kwamba nitashinda kila kitu kwa siku moja, nimlipe Mzee, nimwambie mama yote yakiwa yamekwisha, kisha nisiguse karata tena. Nilikuwa na nia njema kabisa. Sijawahi kuwa na nia njema kama Jumamosi ile.

Nilianza vizuri. Fundi alikohoa, nikamkimbia. Dereva akaropoka, nikamfungua. Kisha tukabaki wawili, mwalimu na mimi. Nilikuwa na wafalme wawili na tisa mbili, karata nzuri sana. Mwalimu alibadilisha mbili tu. Akaongeza dau hadi pesa yangu ikaisha mezani.

"Una chai pale Manga," akasema kwa upole, akitazama vidole vyake. "Namba ni yako. Unaweza kuikodisha. Bonasi tatu, miaka mitatu, majani yote yawe yangu. Ukishinda, chukua hizi zote. Usipotaka, weka karata chini, mwanangu, hakuna ubaya."

Kukodisha chai lilikuwa jambo la kawaida. Watu walikodisha wakipata karo ya kulipa au mgonjwa wa kutibu. Ndipo nikafanya ambalo sikuwa nimelifanya maishani. Niliinua macho nikamtazama. Yeye akainamisha yake. Nikaona, kwa hakika nikaona, kwamba ameona haya. Kwa nini mtu wa rika la baba aone haya kama hadanganyi?

"Fungua, mwalimu," nikasema. Hata "tata" sikumwita.

Alifungua. Saba tatu, na katika poka tatu za aina moja hushinda jozi mbili. Si mfalme wala malkia, ni saba za kawaida, kopa, uru na shupaza, zimelala kwenye kitambaa cha suruali ya mtu. Kumbe haya aliyoiona ilikuwa ya kunishinda. Fundi alisimama akaenda nje.

Mwalimu aliandika mkataba pale pale mezani, kwa mwandiko mzuri kama wa ubaoni. Nilitia sahihi. Sikuhitaji kidole cha mama. Kisha akasema, "Mwambie mama yako wewe mwenyewe. Mimi siwezi kusimama mbele ya mke wa rika langu nikamwambia jambo kama hili. Nakupa majuma mawili."

Juma la kwanza sikwenda nyumbani. Juma la pili nilikwenda Jumapili jioni, nimejipanga. Mama alinipikia mboga za chinsaga na ugali wa wimbi. Nilikula. Nilitaka kusema baada ya kula, kisha nikataka kusema baada ya sala, kisha akasema amechoka akaenda kulala. Nikajiambia asubuhi.

Asubuhi wachumaji wakaja kabla ya chai ya jikoni kuiva. Walikuwa wanawake wanne kutoka upande wa Itumbe, na vikapu vyao. Mama alikuwa ameshavaa aproni, kikapu kiko mgongoni. Aliwasalimu, akawauliza wamepotea njia?

"Hapana, mama," akasema aliyekuwa mkubwa wao, kwa aibu. "Tumetumwa na mwalimu. Tumeambiwa chai hii imekodishwa, miaka mitatu."

Nilikuwa mlangoni. Mama aligeuka akanitazama, nami nikatazama chini. Kuku alipita kati yetu. Nilisubiri ukelele, kwa sababu wanawake wa kwetu wanajua kupiga ukelele ukasikika hadi ng'ambo ya kilima, na kama angepiga nadhani ningekuwa mtu mwingine leo.

"Ni kweli," akawaambia. "Nilikuwa mgonjwa. Kifua. Ilibidi nitibiwe."

Akawatangulia shambani, akawaonyesha mstari wa kuanzia, na mahali penye shimo, na kichaka chenye nyigu. Kisha akaanza kuchuma nao. Yule mkubwa wao alimwambia si lazima. Mama akamuuliza mwalimu analipa vibarua kwa kilo au kwa siku. Kwa kilo, akaambiwa. "Basi niandikeni," akasema.

Miaka hiyo mitatu mama alikuwa kibarua kwenye chai yake. Majani yake yaliandikwa kwenye namba ya mwalimu, na karani aliendelea kutomrudishia hata konzi. Mimi sikuacha karata siku hiyo. Nilirudi kwa fundi Jumamosi mbili zaidi, na sababu ya kuacha ilikuwa kwamba sikuwa na kitu cha kuweka mezani. Nikaanza kwenda kanisani kweli, Manga, kando ya mama. Sabato moja alisimama kushukuru kwa kuponywa kifua. Alieleza jinsi kilivyokuwa kikimbana usiku. Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema amina, kwa sababu kila mtu alikuwa akinitazama mimi, mtoto mwema aliyekodisha chai ili mamake apone.

Mwaka wa tatu aliugua. Hakikuwa kifua, lilikuwa tumbo. Alianza kukonda, akapunguza kula, akajifunga leso tumboni kwa nguvu akaenda shambani. Nilipouliza alisema ni minyoo. Mchana mmoja nilimkuta ameketi kati ya mistari ya chai, kikapu kiko nusu, uso umelowa jasho na hakuna jua. Nikamwambia twende hospitali, tena leo. Akakataa. Nikamwambia pesa si tatizo, naenda kwa Mzee sasa hivi, atanisaidia.

"Utamwambia nini?" akauliza.

"Kwamba unaumwa."

"Ulishamwambia," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha kitu ulichosahau dukani. "Na mimi nilishawaambia watu nimetibiwa kwa chai. Nikienda hospitali sasa wataniuliza mara ya kwanza nilikwenda hospitali gani."

Ndipo nikajua alikuwa akiumwa kwa miezi mingi, na kilichomkalisha nyumbani ni uongo wangu. Nilikimbia. Nilimkuta Mzee amekaa kwenye kiti chake na nikamwambia kila kitu, nikiwa nimesimama, mbele ya wateja: karata, Jumamosi, kifua, tende, chai. Alimwita mwanawe alete pikapu. Tulimfikisha mama hospitali jioni hiyo hiyo, na daktari alipomshika tumbo alinitazama akauliza mlikuwa wapi.

Siku ya tatu wodini mama aliniuliza, "Ulimwambia nini yule mzee?"

"Ukweli."

"Wote?"

"Wote, mama."

Nilidhani atafurahi. Alifumba macho, na chozi likamtoka likaingia kwenye kitambaa cha kichwa. "Basi sasa anajua kwamba nilimdanganya usoni," akasema. "Dukani mwake, na tende zake tumboni mwangu. Niombee msamaha. Mimi sitapata nafasi."

Hakupata. Alifariki kabla ya juma kwisha, ikiwa imebaki miezi minne chai irudi.

Mwalimu alikuja mazishini na rika la baba. Alinivuta kando akasema chai niichukue, asubiri miezi minne ya nini. Alikuwa akitazama chini tena. Nilimwambia asante, tata. Mzee naye alikuja na mwanawe, viatu vyao vimejaa tope jekundu. Walipokuwa wakiondoka nilimfuata hadi kwenye pikapu, nikampa ujumbe wa mama kama ulivyokuwa: kwamba alimdanganya, na anaomba msamaha.

Mzee alivua miwani. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Mgonjwa wa kifua hapimi jembe mkononi namna ile. Lakini ningemwambiaje mama wa watu, mbele ya mwanawe, kwamba anasema uongo? Nikaona aibu. Nikanyamaza."

Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, pale pale kando ya kaburi bichi. Kisha hasira ikanigeukia mwenyewe, na haijaondoka hadi leo. Mama alijua, Mzee alijua, mwalimu alijua. Kila mmoja alimstahi mwenzake, na mimi nikapita katikati yao kwa miaka mitatu bila mtu kuniambia nifungue.

Jumatatu iliyofuata nilivaa ile aproni ya gunia, nikabeba kikapu chake. Mabuti yalikuwa madogo kwangu, nikaenda miguu mitupu. Nilichuma kutoka asubuhi hadi mchana, vidole vikawa vyeusi. Kituoni karani alimwaga majani yangu mezani, akayatandaza kwa mkono, akatenga karibu nusu.

"Haya ni magumu," akasema. "Rudi nayo."

Nikayakusanya nikarudi nayo.